Je, Wilaya ya Same Inakua au Inapungua?

Somo letu la leo ni juu ya hesabu ya watu. Shikeni daftari na kalamu, maana leo tutajumlisha na kutoa. Asiyeweza bado kuandika namba kubwa na akae karibu na mwenzake anayeweza.

Nataka kuanza na swali. Mtu akikuuliza, je, Wilaya ya Same inakua au inapungua, utamjibu nini? Mtu wa Same mjini, akitazama nyumba mpya zinazojengwa kando ya barabara kuu iendayo Moshi, atasema inakua bila shaka. Bibi aliye juu kule Chome au Mbaga, ambaye watoto wake wote wameshuka mlimani, atasema, "Sisi huku tumebaki wazee watupu." Wote wawili wanasema yale wanayoyaona. Lakini macho ya mtu mmoja huona kijiji kimoja. Serikali inataka kuona wilaya nzima, na mkoa, na nchi yote, na macho yake ni hesabu.

Hesabu kubwa ya watu wote tunaiita sensa. Tangu Muungano, Tanzania imefanya sensa mara sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Karani wa sensa hupita nyumba kwa nyumba, akauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa tarehe 23 Agosti, na makarani hawakubeba makaratasi kama zamani, walibeba vishikwambi. Angalieni neno hilo "alilala". Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku ule. Kijana wa Suji aliyelala Dar es Salaam amehesabiwa Dar es Salaam, hata kama shamba lake liko Suji na kila Desemba anapanda basi kurudi kwa wazazi.

Wako watu waliokuwa wakiogopa kuhesabiwa, na huku Upare hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1945, wakati wa utawala wa Kiingereza, maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaja Same, makao ya wilaya, wakakaa hapo siku nyingi kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Kodi ile ilikuwa ya kumpima kila mtu kwa mali yake, basi aliyekuja kuuliza habari za nyumba na ng'ombe alionekana kuwa ni mtoza kodi. Mtu aliyekulia katika masimulizi hayo, akimwona karani mlangoni, huenda akapunguza watoto wawili katika jibu lake. Siku hizi sheria ya takwimu inamkataza karani kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Nyumba inayoficha watu wawili huwanyima wawili hao nafasi yao katika hesabu ya dawa na madawati.

Sasa mwalimu, andika ubaoni namba tatu za Wilaya ya Same. Mwaka 2002, watu 212,325. Mwaka 2012, watu 269,807. Mwaka 2022, watu 300,303.

Someni namba hizo pamoja, polepole. Je, Same imekua? Ndiyo, kila sensa namba imepanda. Sasa toeni. Kutoka 2002 hata 2012 waliongezeka watu 57,482. Kutoka 2012 hata 2022 waliongezeka watu 30,496. Miaka ni kumi na kumi, lakini nyongeza ya pili ni kama nusu ya ile ya kwanza.

Tuilinganishe Same na nchi nzima. Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012, na watu 61,741,120 mwaka 2022. Maana yake, pale palipokuwa na watu 100, baada ya miaka kumi palikuwa na watu 137. Same, pale palipokuwa na watu 100, palikuwa na watu 111 tu. Kama Same ingalikwenda kwa mwendo wa nchi, ingalifika kiasi cha watu 370,000. Wako wapi hao 70,000 waliopungua?

Wengine hawakuzaliwa kabisa. Wanawake wa Mkoa wa Kilimanjaro kwa wastani huzaa watoto wachache kuliko wanawake wa mikoa mingi ya nchi yetu. Wengine walizaliwa, wakasoma, wakaondoka.

Tuchukue nyumba ya mfano iliyo juu mlimani. Baba na mama wana watoto sita. Mmoja ameolewa Moshi. Wawili wako Dar es Salaam, mmoja fundi, mwingine ana duka. Wa nne ameshuka Hedaru anakolima vitunguu, wa tano yuko chuoni, wa sita amebaki na wazazi. Nyumba hii ina watoto sita kwa maneno ya mama, maana mama hahesabu kwa kulala. Kwa karani ni nyumba ya watu watatu. Tena tazameni jambo moja: yule wa Hedaru hakutoka katika Wilaya ya Same. Ameondoka mlimani, lakini wilaya haikumpoteza. Kwa hiyo wilaya inaweza kuongezeka huku kijiji kimoja ndani yake kinabaki na wazee. Yule bibi wa Chome na yule mtu wa Same mjini wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli.

Mwendo huu wa kushuka si wa jana. Reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yetu, na mashamba ya mkonge yakawaita watu wa kazi huko tambarare. Zamani milimani palikuwa na maji, baridi nzuri, migomba, na ndiva za kukusanya maji ya mifereji. Tambarare palikuwa na jua na mbung'o. Baadaye mashamba ya juu yaligawanywa kwa watoto, na kwa watoto wa watoto, hata mengine yakawa hayatoshi kulisha nyumba moja. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengi hawakuona sababu ya kungoja. Sasa kule chini kuna mpunga wa Ndungu, katika skimu ya maji iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani. Kuna jasi ya Makanya. Kuna barabara ya lami. Hata hivyo mlima haukufa. Tangawizi ya Mamba Miamba imewapa watu wengi sababu ya kubaki.

Na wale wanaovuka mpaka wa mkoa? Mwaka 1978, kati ya kila watu 100 wa Tanzania, watano waliishi Mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 2022 walikuwa watatu. Hakuna balaa lililopita. Mkoa wenyewe uliongezeka kutoka watu 902,437 hata watu 1,861,934. Nchi nyingine ndiyo iliyokwenda mbio zaidi. Mkoa wa Pwani, mathalani, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 ulipita milioni mbili. Watu wa Dar es Salaam wanatafuta viwanja Kibaha na Mkuranga, na nina hakika kati yao Wapare si haba.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe la somo hili. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi au zaidi, lakini dawa za zahanati haziwezi kungoja miaka kumi. Kila mwaka ofisi inataka kujua: mwaka huu Same ina watu wangapi? Jibu lake huitwa makadirio. Fedha nyingi za afya zinazokwenda katika halmashauri hugawanywa kwa kutazama kwanza idadi ya watu. Makadirio yakikosea, wako watakaopanga foleni zahanati wakaambiwa dawa zimekwisha, na mahali pengine dawa zitakaa kabatini mpaka siku yake ipite.

Njia ya kwanza ya kukadiria ni nyepesi, na wengi wetu tungeitumia. Tuseme ni mwaka 2012. Unajua kwamba miaka kumi iliyopita Same iliongeza watu 57,482. Unasema, basi miaka kumi ijayo itaongeza hao hao. Jumlisheni: 269,807 na 57,482. Mmepata ngapi? 327,289. Lakini sensa ya 2022 ilikuta watu 300,303. Njia yetu imezidisha watu 26,986.

Msiitupe bado. Ijaribuni kwa jirani yetu Mwanga, katika milima hii hii ya Upare. Mwanga ilikuwa na watu 115,620 mwaka 2002, na 131,442 mwaka 2012. Nyongeza ni 15,822. Jumlisheni tena, mpate 147,264. Sensa ya 2022 ilikuta 148,763. Tumekosa watu 1,499 tu! Njia ile ile, milima ile ile, miaka ile ile: Mwanga ikatupa jibu zuri, Same ikatudanganya. Hilo ndilo linalonifanya niiogope njia hii. Inapofaulu hatujui kwa nini imefaulu, na inapokosea haitupigi kengele.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu hawaitegemei. Wao hutazama milango minne ya wilaya. Watu huingia kwa kuzaliwa na kwa kuhamia. Hutoka kwa kufa na kwa kuhama. Huchukua watu wa sensa, wanaume mbali na wanawake mbali, wakawapanga kwa umri, kisha huwasogeza mwaka hata mwaka kama wanafunzi wanaopanda darasa. Mtoto aliyekutwa na sensa ya 2022 akiwa na miaka miwili, mwaka 2026 ana miaka sita, na dawati lake litakiwe. Katika kila umri hupunguza wanaokufa. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa huongeza watoto. Mwisho huongeza wahamiaji na kuwatoa waliohama.

Mlango wa kuhama ndio mgumu kuliko yote. Mtoto akizaliwa huenda akaandikwa, ingawa wengi hawaandikwi. Mtu akifa, kuna kaburi na kuna watu waliomzika. Lakini kijana anayepanda basi alfajiri pale stendi ya Same haandikwi na mtu yeyote. Ndiyo sababu karani wa sensa huuliza mtu alizaliwa wilaya gani, na zamani alikuwa akikaa wapi. Mtu wa Kibaha anapojibu, "Nilizaliwa Same," habari ya Same imepatikana Kibaha. Na ndiyo sababu daftari la wakazi linalowekwa na mtendaji wa kijiji lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana kwa majalada yake yaliyochakaa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mwaka 2002 Wilaya ya Hai ilikuwa na watu 259,958. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 210,533. Mtu akisoma namba hizo peke yake atasema watu 50,000 wamekimbia Hai. Hawakukimbia. Kati ya sensa mbili hizo Hai ilimegwa, ikazaliwa Wilaya ya Siha, nayo ilikuwa na watu 116,313. Zijumlisheni Hai na Siha, mtaona watu 326,846. Watu waliongezeka, mpaka ndio uliohama. Sisi wenyewe tulikuwa Wilaya moja ya Pare kabla Mwanga haijawa wilaya yake. Anayelinganisha namba za zamani za Pare na namba za leo za Same, bila kuijumlisha Mwanga, atalia bure.

Basi swali letu la mwanzo, inakua au inapungua, lina majibu mawili. Kwa idadi, Same inakua. Kwa sehemu yake katika nchi, inapungua. Diwani anayeomba zahanati mpya hutaja jibu la kwanza, na anayeomba vijana wapewe sababu ya kubaki hutaja la pili. Wote wawili waulizwe swali moja: hesabu ya kitongoji chako unayo?

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo ni hii. Kila mmoja wenu azitembelee nyumba kumi zilizo karibu naye. Msiandike majina ya watu. Andikeni namba nne tu, tangu Agosti 2022 hata leo: waliozaliwa, waliokufa, waliohamia, waliohama. Aliyeondoka kwa masomo naye ahesabiwe kuwa amehama, kama halali nyumbani. Mwalimu atajumlisha za darasa zima ubaoni, kisha mtazame ni mlango upi unaopitisha watu wengi zaidi. Darasa la mlimani na darasa la tambarare wabadilishane karatasi zao kama wanaweza. Juma lijalo tutajifunza asilimia, na namba hizo ndizo tutakazozitumia. Kwaherini.