Kumwandikia Aliyekwama: Utafutaji wa Google na Masoko ya Kampuni za Zana za Programu



Msanidi programu ni mteja asiyevutika kwa matangazo. Kivinjari chake mara nyingi kina kizuizi cha matangazo, barua pepe za mauzo hazifungui, na simu ya muuzaji hapokei. Lakini mtu huyohuyo hushinda Google kutwa nzima. Hatafuti bidhaa; anatafuta namna ya kujinasua alikokwama.

Tuchukue tatizo la kila siku. Mtu anawasha Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, kwenye seva yake, inagoma. Anafungua kumbukumbu za seva na kukuta maneno “Address already in use”. Anayanakili yalivyo na kuyabandika Google. Kumbe Apache, programu nyingine ya aina hiyo, iliwekwa zamani na ndiyo iliyoshikilia mlango (port) namba 80. Ukurasa utakaomweleza hivyo, ukampa amri ya kujua ni nani ameushika mlango na amri ya kumwondoa, ataukumbuka pamoja na aliyeuandika. Zana za kupima maneno ya utafutaji huweza kuonyesha kwamba sentensi ya namna hiyo haina watafutaji wa maana, basi meneja wa masoko anaiacha na kukimbilia “seva bora”, ambako washindani wamejazana. Bajeti nyingi huteketea hapo.

DigitalOcean, kampuni ya Marekani inayokodisha seva za wingu, iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakati Amazon ilikuwa imeshatangulia. Bei ya dola 5 kwa mwezi iliisaidia, lakini wasanidi wengi waliijua kwanza kupitia miongozo yake ya mfumo endeshi wa Ubuntu. Ukisoma mmojawapo utaona unaanza na mahitaji ya awali, kila amri imesimama peke yake, na baada ya amri muhimu yanawekwa matokeo unayopaswa kuyaona, ili kama umepotea ujue palepale. Mtumiaji wa mfano anaitwa sammy, jina la papa anayeiwakilisha kampuni. Ndani ya amri zenyewe, tangazo halizidi hapo. Tena amri hizo nyingi hufanya kazi kwenye seva yoyote ya Ubuntu, hata iliyokodiwa kwa mshindani. Mhasibu ataiita hasara. Mimi naamini ndiyo sababu watu waliiamini miongozo hiyo na kuiwekea viungo kwenye kurasa zao, na viungo hivyo Google huvihesabu. Waandishi wa nje nao walilipwa, na kampuni ikachangia mashirika ya hisani kwa niaba yao.

Kuandika, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2. Kati ya toleo la 14.04 na la 16.04, programu ya kusimamia huduma iitwayo Upstart iliondoka na systemd ikashika nafasi yake, kwa hiyo maelekezo yakabadilika. Mwongozo ambao haukuguswa ukageuka mtego. DigitalOcean iliandika miongozo mipya kwa matoleo mapya, na juu ya mingi ya zamani iliweka onyo na kiungo cha mpya. Kampuni nyingi huajiri mwandishi wa makala mpya na hazimwajiri mtu wa kuzitunza za zamani. Makala 30 zinazofanya kazi nazipendelea kuliko 300 zilizooza.

Mei 2024 Google ilianza kutoa majibu ya akili unde juu ya matokeo, kwa kuanzia Marekani. Msomaji anaweza kupata amri yake bila kukutembelea, hivyo idadi ya wageni inazidi kuwa kipimo dhaifu. Kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, inayowauzia wasanidi huduma za SMS na USSD, ina kipimo bora zaidi: ni wangapi wamechukua ufunguo wa API, na ni wangapi kati yao wametuma ujumbe wa kwanza ukafika.

Kwa timu yenye mwandishi mmoja, ushauri wangu ni huu: kabla ya kumnunulia zana yoyote ya kupima maneno, mkalisheni wiki moja kwenye dawati la huduma kwa wateja. Maswali yanayojirudia pale ndiyo mada zake za mwezi wa kwanza, na ayaandike kwa maneno yaleyale ya wateja, pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyotoka kwenye mashine.