Wasaa na Uwanja: Mabadiliko ya Jamii na Haki ya Kushiriki Michezo



Aghalabu tunapozungumza habari za michezo husifu kipaji cha mchezaji, ustadi wa mwalimu wake na ari ya mashabiki, na yote hayo yanastahili sifa. Lakini liko swali lililoyatangulia, nalo ni hili: ni nani aliyepata kuufikia uwanja hata kipaji chake kikaonekana, na ni nani aliyebaki nje ya ua, kipaji chake kikazikwa pamoja naye pasipo mtu kukijua? Daawa yangu jioni hii ni kwamba mtu hashiriki michezo ya zama hizi mpaka apate mambo mawili: wasaa ulio milki yake mwenyewe, na uwanja ambao hapana awezaye kumfungia. La kwanza huletwa na mabadiliko ya jamii katika kazi, ujira na elimu. La pili halina amana mpaka lilindwe kwa kanuni. Ushahidi wangu nitautoa kwanza katika Lancashire, jimbo la viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kisha nitarejea kwetu Tanzania.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi aliingia kazini alfajiri na kutoka usiku, siku sita za juma, na siku ya saba ilikuwa Jumapili, siku ya ibada, ambayo michezo ya hadhara ilihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Mtu wa hali hiyo, hata angejaliwa wepesi wa swala, angecheza saa ngapi? Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 ndiyo iliyoanza kuufungua mlango, kwa kuamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo wasifanyishwe kazi baada ya saa 8 mchana siku ya Jumamosi; na kwa kuwa mashine hazikuweza kwenda bila ya mikono yao, wanaume nao aghalabu wakatoka saa ile ile. Ada ya Waingereza ya kuanza mechi saa 9 alasiri ya Jumamosi ina asili yake katika nusu siku hiyo, ambayo haikuwa hiba ya wenye viwanda, bali ilipatikana kwa madai ya miaka mingi.

Chama cha Mpira cha Uingereza kiliasisiwa London mwaka 1863 na watu waliosoma katika shule za matajiri, na kwa miaka 20 wao na wenzao ndio waliotamalaki mchezo. Lakini tarehe 31 Machi 1883, katika uwanja wa Kennington Oval, timu ya Blackburn Olympic kutoka Lancashire iliwashinda Old Etonians, wahitimu wa mojawapo ya shule hizo za matajiri, mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Chama. Miongoni mwa washindi walikuwamo wafumaji, mafundi wa chuma na fundi bomba, na bao la ushindi lilifungwa na Jimmy Costley, msokota nyuzi. Kabla ya fainali wachezaji hao walipelekwa Blackpool, mji wa pwani, wakafanye mazoezi, jambo ambalo lisingewezekana kama tajiri wa karakana ya chuma aliyewafadhili asingetoa fedha; kwa maneno mengine, walinunuliwa ule wasaa ambao wapinzani wao walizaliwa nao.

Ugomvi uliofuata ulihusu fedha kwa nje, na kwa ndani ulihusu nani ana haki ya kucheza. Waungwana walioishi kwa urithi walishikilia kwamba mchezaji asipokee malipo yoyote, na kanuni hiyo, kwa jinsi ilivyosikika kuwa ya heshima, athari yake ilikuwa ni kumtoa uwanjani mtu ambaye siku isiyo na ujira ni siku isiyo na chakula. Katika mpira wa miguu malipo yaliruhusiwa mwaka 1885, na mwaka 1888 ikaundwa Ligi ya vilabu 12, ambavyo 6 kati yake vilitoka Lancashire. Katika mpira wa raga wakubwa walikataa, hata mwaka 1895 vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini vikajitenga katika mkutano wa Huddersfield, vikakubali kumfidia mchezaji ujira alioukosa kazini, usiozidi shilingi 6 kwa siku. Mchezo mzima ulipasuka mapande mawili kwa sababu ya shilingi hizo, na hadi leo mapande hayo hayajaungana.

Sasa nageukia wanawake, ambao habari yao yatosha peke yake kuthibitisha daawa yangu. Vita Vikuu vya 1914 viliwatoa wanaume viwandani na kuwaingiza wanawake. Katika mji wa Preston, kiwanda cha Dick, Kerr kiligeuzwa kuwa cha zana za vita, na wasichana waliokuwa wakifanya kazi humo walianza kupiga mpira uani saa za mapumziko, wakishindana na vijana wa kiume. Siku ya Krismasi ya mwaka 1917 walicheza katika uwanja wa Deepdale mbele ya watazamaji 10,000, na mapato yakaenda kwa askari majeruhi. Jioni moja ya Desemba 1920 walicheza katika uwanja huo huo gizani: taa mbili za jeshi, za aina iliyotumika kumulika ndege za adui, ziliazimwa kwa idhini ya Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Vita, mipira ilipakwa rangi nyeupe ipate kuonekana, na fedha za viingilio zilikusudiwa kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani wakakosa kazi. Siku chache baadaye, tarehe 26 Desemba, watu 53,000 walijaa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama, na maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Miongoni mwa wachezaji hao alikuwamo Lily Parr, mzaliwa wa St Helens, aliyeingia timuni angali hajatimiza miaka 16 na kucheza hadi mwaka 1951.

Basi wasaa walikuwa nao, ujira walikuwa nao, na umati uliwapenda. Lakini tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Mpira kilitoa kauli kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikatia shaka matumizi ya fedha walizokusanya, na kikaviamuru vilabu vyake visiwape viwanja. Tazameni sana namna ya marufuku hiyo: hapana aliyewakataza kuupiga mpira, wala hapana sheria ya nchi iliyowahukumu, walinyimwa uwanja tu, na hilo likatosha. Timu iliyokuwa imejaza Goodison Park ikalazimika kucheza katika viwanja vya pembeni visivyo na majukwaa, na marufuku hiyo ikadumu hata mwaka 1971. Nusu karne ya mabinti wa Uingereza ilipita hivyo, na hasara ya vipaji vilivyopotea haina hesabu.

Lancashire hiyo hiyo ilifika kwetu kwa njia ya sabuni. Kombe la Gossage, lililoanza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, na Tanganyika ikaingia mwaka 1945, lilibeba jina la watengenezaji sabuni wenye asili ya Widnes, mji uliokuwa wa jimbo hilo zama hizo. Na jinsi mchezo ulivyoenea kwetu yafanana na ilivyokuwa kwao: bandari, reli, ofisi na shule zilikusanya mijini vijana wenye ujira na saa za jioni zilizo zao, na katika Dar es Salaam ya miaka hiyo zikazaliwa klabu ya Yanga, mwaka 1935, na mwaka uliofuata klabu iitwayo leo Simba. Binti naye, aliyepata bahati ya shule, alipewa mpira wa pete, nao ni mchezo wenye heshima yake; lakini jioni yake ilikuwa ya kuteka maji, kuchanja kuni na kulea wadogo zake, na uwanja wa kandanda ulihesabiwa kuwa ni wa kaka yake.

Hali hiyo imeanza kubadilika, tena upesi. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika mwaka 2010. Mwaka 2022 Simba Queens, timu ya wanawake ya klabu ya Simba, walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake wa Afrika. Na mwaka huo huo Serengeti Girls, wasichana wasiozidi miaka 17, walikwenda India, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali, wakiwa timu ya kwanza ya Tanzania ya kandanda kucheza Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Wasichana hao ni matunda ya shule zilizopokea mabinti wengi na ya wazazi waliokubali. Hata hivyo, yaliyowapata wenzao wa Preston yatuonya kwamba ushindi usio na kanuni ya kuulinda waweza kufutwa kwa mkutano mmoja wa wakubwa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Walimu wakuu, waandikeni wasichana zamu ya uwanja katika ratiba ya shule, kwa siku na saa zinazojulikana, wasiachiwe masalio ya wavulana. Halmashauri zetu, vilindeni viwanja vya wazi, maana kila kiwanja kinachojengwa duka huwatoa kwanza wale ambao haki yao ya kukitumia ni changa. Na ninyi wazazi, zigawanyeni kazi za nyumbani baina ya watoto wote, ili binti naye apate saa yake ya jioni. Mambo haya hayahitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Yahitaji insafu, na yaweza kuanza muhula ujao.