Weka Risiti: Fidia Hupewa Aliyedai

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu haki za wanunuzi wa vifaa vya kompyuta



Septemba 2014, kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa sokoni kadi ya michoro iitwayo GeForce GTX 970. Kadi ya michoro hukaa ndani ya kompyuta ili picha, video na michezo ionekane vizuri bila kukwamakwama. Bei yake ilianzia dola 329, na tangazo lilisema ina memori ya gigabaiti 4.

Baada ya miezi michache wanunuzi waligundua kwamba memori ikitumika kupita gigabaiti 3.5, mwendo ulipungua. Januari 2015 kampuni ilieleza kuwa gigabaiti zote 4 zilikuwemo, lakini nusu gigabaiti ya mwisho ilikuwa na kasi ndogo. Ni kama kuuziwa shamba la ekari nne, kisha ukute nusu ekari iko ng'ambo ya mto. Ni yako, lakini kuifikia ni shida.

Hasara ya kila mnunuzi ilikuwa ndogo mno kumlipia wakili. Ndiyo maana ilifunguliwa kesi ya pamoja huko California, ambapo watu wachache hushtaki kwa niaba ya wote waliopatwa na jambo lilelile. Mwaka 2016 yakafikiwa maafikiano ya dola 30 kwa kila kadi, bila kampuni kukiri kosa.

Hata hivyo, pesa hizo hazikumfuata mtu nyumbani. Ilimpasa mnunuzi kujaza fomu ya madai, kuambatisha ushahidi wa ununuzi na kuiwasilisha kabla ya siku ya mwisho, 30 Novemba 2016. Tena maafikiano yaliwahusu walionunua Marekani pekee. Aliyenunua kadi hiyohiyo Nairobi au Mombasa hakuwa na sehemu.

Je, mnunuzi wa Kenya ana kinga gani? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na inamruhusu mtumiaji mmoja kushtaki kwa niaba ya wenzake.

Basi, ukinunua kompyuta au simu, fanya haya:

1. Hifadhi risiti, ujumbe wa malipo ya simu, boksi na picha ya tangazo lenyewe.

2. Ukifika nyumbani, fungua mipangilio ya kifaa na ulinganishe memori na nafasi ya kuhifadhi na yale yaliyotangazwa.

3. Ukikuta tofauti, mwandikie muuzaji mara moja, ueleze unachodai, na ubaki na nakala.

4. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au fungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

5. Waulize majirani walionunua kifaa hichohicho. Wakiwa na tatizo kama lako, dai lenu litakuwa na nguvu zaidi.

Jihadharini pia na matapeli. Mtu akikupigia simu kuwa umeshinda fidia, kisha akuombe ada ya kuitoa au nambari yako ya siri, kata simu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ni karatasi ndogo, lakini siku ya kudai ndiyo itakayokusemea. Usiitupe.