Utajiri wa Watu Weusi katika Miji ya Marekani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi)



Nimeombwa niseme juu ya utajiri wa watu weusi wa Marekani. Swali hili huletwa ofisini mara kwa mara. Mwanachama huona picha ya mtu mweusi wa kule, na motokaa ndefu na nyumba ya ghorofa, akasema: "Wazee wa huyu walikuwa watumwa. Alipataje? Na sisi je?"

Sisi kazini tuna desturi ya kumwita mwajiri "tajiri". Basi tukisikia neno utajiri, mawazo yetu hukimbilia kwa mtu mmoja aliyekaa juu na wengine wote chini yake. Leo nataka mwone kwamba kule kila mji ulikuwa na njia yake ya kupata mali, na kwamba karibu kila mahali ukichimba chini ya mali hiyo unakuta senti za wafanya kazi.

Tuanze Durham, katika jimbo la North Carolina. Utumwa ulifutwa mwaka wa 1865. Mwaka wa 1898 John Merrick, kinyozi aliyezaliwa utumwani, pamoja na Daktari Aaron Moore na wenzao, walianzisha kampuni ya bima iliyoitwa North Carolina Mutual. Bima yenyewe haikuwa ya wakubwa. Wakala alipita mlango kwa mlango akipokea senti chache kutoka kwa dobi, mpishi na kibarua wa kiwanda cha tumbaku. Siku ya ugonjwa au msiba, nyumba ile ilipata fedha. Kutokana na senti hizo yalipatikana majengo ya Parrish Street, na karibu yake benki ya Mechanics and Farmers, iliyoanzishwa mwaka wa 1907 ili watu weusi wapate mahali pa kukopa.

Atlanta pia ilianza na kinyozi. Alonzo Herndon alizaliwa mtumwa mwaka wa 1858. Duka lake la Peachtree Street lilinyoa Wazungu tu. Vinyozi walikuwa weusi na mwenye duka mweusi, lakini mteja mweusi hakuruhusiwa kukaa kwenye kiti. Mwaka wa 1905 Herndon alinunua chama kidogo cha kusaidiana kwa dola 140, akakikuza kikawa kampuni kubwa ya bima, Atlanta Life. Desturi ya Atlanta ikawa hiyo: makanisa, vyuo, bima na biashara, vyote vikiwa karibu karibu katika barabara ya Auburn.

Lakini mali isiyo na ulinzi ni kama nafaka iliyoachwa uwanjani. Tulsa, jimbo la Oklahoma, watu weusi walikuwa na mtaa wao, Greenwood, wenye hoteli, maduka, sinema, magazeti na madaktari. Tarehe 31 Mei na 1 Juni mwaka wa 1921 kundi la Wazungu lilivamia mtaa huo, likaua na kuchoma. Mitaa 35 iliteketea, na nyumba zaidi ya 1,000. Wenye mali walipopeleka madai yao kwa kampuni za bima, walikataliwa. Waliokuwa matajiri jana yake walilala katika hema za Msalaba Mwekundu.

Sasa twende Chicago, na hapa sisi watu wa vyama tusikilize vizuri. Huko ndiko yalikokuwa makao ya kampuni ya Pullman, yenye mabehewa ya kulala katika magari ya moshi. Watumishi wa mabehewa hayo walikuwa weusi. Abiria waliwaita wote "George", kwa jina la George Pullman mwenye kampuni, kana kwamba hawakupewa majina na mama zao. Walifanya kazi kama saa 400 kwa mwezi, wakijinunulia hata rangi ya kupakia viatu vya abiria, na bila bakshishi hawangeweza kulisha watoto. Mwaka wa 1925 walianzisha chama chao, na A. Philip Randolph akawa kiongozi. Kampuni ilifukuza watu na kupanda wapelelezi. Walishikilia miaka 12. Tarehe 25 Agosti 1937 Pullman ilitia sahihi mapatano. Saa zikashuka hadi 240 kwa mwezi na mishahara ikapanda.

Mshahara huo ndio ulionunua nyumba, ukasomesha watoto wakawa walimu, mawakili na madaktari. Ndio pia uliolipia gazeti na sahani ya santuri. John H. Johnson wa Chicago alianza biashara yake mwaka wa 1942 kwa dola 500, alizokopa kwa kuweka rehani samani za mama yake. Akatoa majarida ya Ebony na Jet akawa milionea. Je, wasomaji wake walikuwa nani? Wengi wao watu wa mshahara.

Detroit ni hivyo hivyo. Watu weusi walikwenda kule kutafuta kazi ya motokaa. Mwaka wa 1941 Ford ilikubali chama cha UAW baada ya mgomo, na mwaka wa 1949 chama kikapata pensheni kwa wafanya kazi wa Ford. Mtu wa kiwandani aliweza kumiliki nyumba yenye bustani. Berry Gordy, aliyewahi kuunganisha motokaa kiwandani, aliwaendea jamaa zake mwaka wa 1959. Jamaa hao walikuwa na mfuko wa akiba wa familia, wakamkopesha dola 800. Hizo ndizo zilizoanzisha kampuni ya muziki ya Motown. Mwaka wa 1988 aliiuza kwa dola milioni 61.

Sasa mtaniuliza, kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, kwa nini mtu mweusi wa kule bado analalamika? Kwa sababu mali iliingia kwa mlango mmoja ikatolewa kwa mwingine. Tangu miaka ya 1930 ramani za serikali zilitia rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, na benki zikakataa kuwakopesha. Chicago, mtu mweusi aliyetaka nyumba alilazimika kununua kwa mkataba wa walanguzi, kwa bei ya juu sana. Akikosa malipo ya mwezi mmoja, nyumba ilichukuliwa na fedha zote alizokwisha kulipa zikapotea. Mwaka wa 1968 wanunuzi hao waliungana, wakagoma kulipa, na wengi wakapata mikataba mipya. Huko Detroit, mitaa ya Black Bottom na Paradise Valley ilibomolewa katika miaka ya 1950 na 1960, na barabara kuu ikapita juu ya maduka ya watu.

Kwa hiyo leo hesabu ni hii. Zipange familia zote kwa mstari kutoka maskini hadi tajiri, uiangalie ile ya katikati. Benki Kuu ya Marekani ilipopima mwaka wa 2022, familia ya Kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000 hivi. Ile nyeusi ilikuwa na dola 45,000 hivi. Motokaa ndefu ya mtu mmoja katika picha haibadili hesabu hiyo.

Na kuna jambo lingine, ndugu zangu, ambalo halipendezi kulisema. Mwaka wa 1973 Atlanta ilimchagua Maynard Jackson, meya wake mweusi wa kwanza. Uwanja mpya wa ndege ulipojengwa, alisimama imara kwamba kampuni za weusi zipate sehemu ya kandarasi, ingawa wakubwa wa mji walipiga kelele. Lilikuwa jambo la haki, na watu weusi wengi walipata mali kwa njia hiyo. Lakini mwaka wa 1977 wazoa takataka wa mji huo huo, wengi wao weusi, waligoma kudai nyongeza. Meya aliwafukuza kwa mamia, na wenye biashara weusi wakamwunga mkono. Tajiri ni tajiri. Rangi ya ngozi yake haikuongezi mkate mezani.

Sisi wa Kenya hatuwezi kusema kwamba mali ya kule haikutugusa. Mwaka wa 1959 ndugu Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, alipotafuta nauli za wanafunzi, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Wanafunzi 81 walisafiri. Twashukuru. Lakini shukrani isitufanye tuige picha tukaacha mizizi.

Mizizi ni mitatu. Kwanza mapatano mazuri ya mshahara, kwa kuwa akiba haitoki hewani. Pili mfuko wa pamoja, kama vile vyama vyetu vya akiba na mikopo, wenye hesabu iliyo wazi. North Carolina Mutual iliishi zaidi ya miaka 100, na bado mwaka wa 2018 mahakama iliiweka chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo kwa udhaifu wa fedha zake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Tatu, sheria na hati za kulinda kile tulichopata, nyumba au kiwanja, kisichukuliwe mchana tukiangalia.

Kwa hiyo mjumbe akirudi katika tawi lake, na mwanachama akamwuliza mtu mweusi wa Marekani alipataje nyumba, asimwonyeshe picha. Amweleze habari za wale watumishi wa Pullman na miaka yao 12, kisha amwulize kama amelipa ada ya mwezi huu.