Nafasi Kati ya Mapezi: Kwa Nini Pampu Hulegea Saa Sita Mchana

Hotuba ya mhandisi wa Idara ya Maji kwa wanafunzi wa chuo cha ufundi na wanakamati wa visima

 

Nitaanza na kisima kimoja ambacho sitakitaja jina, maana wenyewe wako hapa na wananitazama. Pampu yake inaendeshwa kwa sola. Asubuhi maji yalitoka vizuri. Ikifika saa sita, jua likiwa utosini, pampu ililegea, na jioni ikachangamka tena. Akina mama wakawa wanapanga mitungi tangu alfajiri. Kamati ikaamua kwamba kisima kinakauka, ikaandika barua kuomba fedha za kuchimba zaidi.

Nilipofika niliweka mkono kwenye kidhibiti cha pampu, nikauondoa haraka. Kidhibiti hugeuza umeme wa paneli uwe wa kufaa mota, na kazi hiyo hutoa joto. Vingi vimetengenezwa vijilinde: joto likizidi, vinapunguza nguvu vyenyewe. Maji ya kisima yalikuwepo, mota ndiyo iliyokuwa ikinyimwa umeme.

Mgongoni mwa kidhibiti kuna vibati vya alumini vilivyopangwa kama meno ya kitana. Tuviite mapezi. Ni kama yale ya injini ya bodaboda. Hewa hupokea joto polepole sana, kwa hiyo tunaipa eneo kubwa la kugusa.

Fundi wa pale alilijua hilo. Alipoona kidhibiti kinachemka, alikata vipande vya bati, akachomeka kimoja katika kila nafasi kati ya mapezi, akafunga kwa waya. Nia ilikuwa njema kabisa. Kidhibiti kikazidi kuchemka.

Kwa nini? Hewa iliyogusa pezi hupata moto, huwa nyepesi, hupanda, na hewa baridi huingia kutoka chini kuchukua nafasi yake. Lakini hewa hiyo ya moto hupanda ikiwa imeshikamana na pezi, kama tabaka linalonenepa kadiri linavyokwenda juu. Mapezi yakibanana, tabaka la huku hukutana na la kule, na nafasi yote ikajaa hewa moto inayojikokota. Kwa mapezi ya urefu wa shubiri moja hivi kutoka chini hadi juu, yasiyo na feni, nafasi nzuri huwa karibu milimita 6 hadi 10. Palipo na feni hewa inasukumwa, hivyo unaweza kubana hadi milimita 2 au 3. Ukiyatawanya kupita kiasi, nako unapoteza eneo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza mlangoni: basi si tuyatokeze nje zaidi? Joto huingia kupitia shina la pezi na hupungua kuelekea ncha. Ncha iliyopoa kama hewa yenyewe imebaki kuwa uzito tu. Ndiyo maana mapezi mengi ya injini ni manene shinani na membamba nchani. Alumini hupitisha joto takriban mara nne kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo pezi lake laweza kutokeza mbali likiwa jembamba. Vile vipande vya bati havikuwa hata vimegusa mgongo sawasawa.

Kosa la pili lilikuwa la waliokifunga. Walikilaza ubavu, mapezi yakawa yamelala na hewa haina njia ya kupanda. Tena kilikuwa ndani ya sanduku la bati lililozibwa, juani. Naelewa hofu ya wezi, lakini sanduku hilo lilikuwa jiko.

Tulitoa vile vipande, tukapiga brashi vumbi na viota vya nyigu, tukakisimamisha wima, tukaacha nafasi juu na chini, tukakizungushia wavu wa chuma na kukiwekea kipaa cha kivuli. Siku iliyofuata pampu ilipita saa sita bila kulegea. Barua ya kuchimba ikarudishwa.

Na nyinyi wa bodaboda msicheke. Tope jekundu linalokauka kati ya mapezi ya injini ni blanketi. Injini ikipoa, litoeni.

Baada ya chai tutatoka nje. Kila kikundi kichukue rula na brashi. Mezani kuna vidhibiti vitatu vilivyoungua, na pikipiki ya mwalimu wenu, ambaye amekubali, ingawa si kwa furaha. Pimeni nafasi, na unene wa pezi shinani na nchani, kisha mniambie kipi kilitengenezewa feni na kipi hakikutengenezewa.