Kukata chuma vizuri, na kurudi nyumbani salama
Maneno kwa familia zilizohama na viongozi wao, Masisi na Walikale



Tumeombwa tuseme juu ya mashine ya kukata chuma kwa plasma, kwa sababu vijana wengi wanataka kujifunza kazi ya sudere na wazazi wana hofu. Hofu hiyo ina msingi. Mapigano yalifika Masisi-centre mnamo Januari 2025, na Walikale-centre mnamo Machi mwaka huohuo. Vyuma vikuukuu vinavyookotwa mashambani si vyote vya magari. Basi tuanze na hapo.

Kitu chochote chenye umbo la kombora, guruneti au risasi kubwa hakiletwi karakana. Hakiokotwi, hakigongwi nyundo, hakikatwi. Anayekiona asimame, arudi kwa njia ileile aliyojia, aweke alama akiwa mbali, amwambie kiongozi ili wataalamu wa kutegua mabomu waitwe. Viongozi, sehemu yenu ni hii: mnunuzi wa vyuma anayepokea vitu hivyo kutoka kwa watoto ndiye anayewatuma kuvitafuta. Msimruhusu sokoni.

Hatari ya pili ni pipa. Tunajua pipa linatoa majiko na milango. Lakini pipa lililobeba petroli halijawa tupu hata likikaa miezi mingi wazi. Mvuke unabaki kwenye maungio, na moto ukifika linalipuka. Kulisuuza kwa maji hakutoshi. Pipa ambalo hamjui lilibeba nini, liacheni.

Sasa mashine yenyewe. Hewa inasukumwa na kompresa kupitia tundu dogo, umeme unapita ndani yake, na hewa hiyo inakuwa moto wa zaidi ya nyuzi 10,000. Unayeyusha chuma na kukipuliza chini. Faida yake kwetu ni kwamba haihitaji chupa za gesi, na kila mtu anajua taabu ya kupitisha chupa za oksijeni kwenye barabara ya Walikale. Inataka jenereta yenye nguvu ya kutosha na hewa kavu. Hewa kavu ndiyo shida ya milima yetu yenye mvua. Maji yakiingia kwenye hewa, elektrodi inakufa upesi na mkato unakuwa mchafu. Kila asubuhi fungueni tangi la kompresa, maji yatoke.

Kabla ya kukata, ondoeni kutu na rangi. Waya wa masi ushike chuma kilicho kitupu, karibu na mahali pa kukata, na ushike kwenye kipande kinachobaki, si kile kitakachoanguka. Anzeni ukingoni mwa bamba. Mkitaka kutoboa katikati, inamisheni tochi ya kukatia kwanza ili cheche zisirudi usoni, kisha inyosheni polepole.

Mwendo ndio unaotofautisha fundi na mwanafunzi. Tazameni cheche chini ya bamba: zikitoka chini na kuinama nyuma kidogo, mwendo ni mzuri. Zikirukia juu, moto haujapenya, punguzeni mwendo. Mkienda taratibu mno, uchafu mnene wa chuma unaganda chini, ingawa huo hutoka kwa kugongwa kidogo. Mkienda mbio mno, unabaki mwembamba na mgumu, na mtamaliza diski za kusagia bure. Wekeni ubao au chuma kilichonyooka pembeni, mkono uegemee hapo. Mkikata springi ya gari kutengeneza jembe, sageni ukingo wote, maana moto unaufanya kuwa mgumu na unaweza kupasuka.

Miwani ya jua haikingi macho. Vaeni kioo cha sudere, namba 5 kwa mashine ndogo ya chini ya ampea 40, na nambari kubwa zaidi kwa mashine kubwa. Viatu viwe vikavu, nguo ziwe za pamba, mikono ifunikwe. Zimeni mashine kabla ya kubadili ncha, maana umeme wa tochi hiyo unaua. Karakana iwe mbali na mahema. Turubai moja likishika moto, mahema yote yanafuata.

Mabati yana zinki. Moshi wake unaleta homa na baridi usiku. Mafundi wengi wanakunywa maziwa ili kujikinga. Maziwa ya Masisi ni matamu na hatuwakatazi, lakini hayazuii zinki. Kinachosaidia ni kukatia nje, upepo ukitoka mgongoni.

Huko Msumbiji, mnamo 1995, Baraza la Makanisa lilianza kubadilishana silaha kwa majembe, baiskeli na cherehani, na silaha zilizokusanywa zilikatwa. Kazi ya namna hiyo ni ya wenye ruhusa na ujuzi wake; karakana ya kijana haipokei bunduki, hata mbovu.

Inabaki swali la kamati, nalo tunalileta bila kulificha. Mashine moja, vijana wa kabila hili na lile, wengine waliohama, wengine wenyeji, wengine waliotoka msituni. Kabla mashine haijafika, kamati ituambie nani atashika ufunguo, nani atalipa mafuta ya jenereta, na foleni ya kujifunza itaandikwa wapi ili kila mtu aisome.