Vumbi la Mawe na Askari wa Mwili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)

Leo hatusemi habari za mishahara, ila za mapafu, maana mshahara haumfai mtu asiyeweza kupumua.

Sisi tunaochimba mawe Juja na Ndarugu, na sisi tunaoyakata Thika na Ruiru kwa kujengea majumba, twajua kwamba kidole kikikatwa huvimba, huwa chekundu na huwa na moto. Hiyo ni kazi njema. Chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, zimekuja kuua vijidudu na kutengeneza palipoharibika. Kazi ikiisha, askari huondoka na kidonda hupona.

Lakini vumbi la mawe si kijidudu. Vumbi la silika ni jembamba hata halionekani kwa macho, nalo hufika ndani kabisa ya mapafu. Askari hulimeza, wasiweze kuliyeyusha, wakafa. Wengine huja mahali pao. Vita hivyo havina mwisho. Silaha zao huunguza mapafu yenyewe, yakafanya makovu, na chembe za mwili hulazimika kuzaana upya kila mara. Katika kuzaana huko makosa hutokea, na kosa juu ya kosa laweza kuwa kansa. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa lilitangaza kwamba vumbi la silika linalovutwa kazini huleta kansa.

Si kila avutaye vumbi atapata kansa. Lakini sigara huongeza hatari, na vumbi hilo huufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu pia.

Basi tufanye nini? Kwanza, mawe yakatwe kwa maji, vumbi lisiruke. Pili, leso puani haitoshi. Tudai vifaa vinavyozuia vumbi jembamba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Hiyo ni haki, si hisani. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu magonjwa ya kazi pamoja na ajali. Tatu, mwenye kikohozi kisichokwisha aende hospitali, na hata asipoulizwa, amwambie dakitari kazi anayoifanya na miaka aliyoifanya.

Ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mapafu yaliyokwisha kufanya makovu hayana fundi wa kuyajenga. Tuuzibe ufa sasa, sote pamoja.

Umoja ni nguvu.